Siku ya Kura ya Mto

Stockholm, 2 Machi 1975

Elsy mke wangu,

Huu ni mwezi wa sita tangu uliponisindikiza kwenye basi la posta, na bado sijauzoea mji huu. Nalala kwenye kambi ya mabati pamoja na Toivo, yule Mfini niliyekuambia, na asubuhi tunashuka chini ya ardhi kutoboa mwamba wa handaki la treni. Tunaingia na giza, tunatoka na giza. Toivo anasema sisi ni panya wa serikali, ila panya hawakatwi kodi. Kifua kinanisumbua kidogo kwa ajili ya vumbi. Si kitu cha kuogopa.

Nakuandikia kwa sababu ya mto. Siku imepangwa. Jumatano tarehe 12 Bunge litapiga kura juu ya muswada wa bwawa, na mimi nimeomba ruhusa kwa msimamizi. Akaniuliza, "Forsgren, unaumwa?" Nikasema siumwi, naenda Bungeni. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wanakwenda kukupa uwaziri wa mawe, au?" Lakini ruhusa amenipa.

Shule yangu unaijua ilipoishia, na mambo ya sheria yananipita juu ya kichwa. Ila hesabu hii hata mimi naiweza. Upande wa serikali, wanaotaka bwawa, wako 175. Upinzani, wasiolitaka, nao wako 175, na Hilding wetu ni mmoja wao. Gazeti linasema kuna mbunge wa serikali, mama mzee anayeitwa Märta Hallin, yuko hospitalini tangu vuli na hatoki. Basi wao ni 174 na sisi 175. Mto unapona kwa mtu mmoja. Kwangu mimi mtu huyo ni Hilding, kwa kuwa ni jirani yetu, na alikula palt, madonge yetu ya viazi, mezani kwetu na kuapa kwamba mto hautaguswa yeye akiwa hai.

Uliniambia wapimaji wamepita. Niambie kweli, bwawa likijengwa maji yatafika wapi? Yatafika kanisani?

Mumeo,
Sixten


Granselet, 7 Machi 1975

Sixten,

Barua imefika. Ng'ombe wazima, na Stjärna amezaa ndama jike. Theluji imefika dirishani lakini barabara inapitika.

Umetaka kweli. Wapimaji wamechomeka vijiti vyekundu mahali maji yatakapofika, na kile cha kwetu kiko mlimani juu ya paa la zizi. Nyumba yote itakuwa chini. Kanisani maji yatapita juu ya ukuta wa makaburi. Pale alipolala Gunvor wetu kina kitakuwa cha mtu mzima na nusu. Mchungaji anasema muswada ukipita, kanisa litajengwa upya kule barabara kuu, na makaburi yatahamishwa kwa wanaotaka.

Tyra wa Hilding anapita hapa mara kwa mara. Anasema mumewe hapati usingizi huko Stockholm. Nimemwambia hata wa kwangu hapati.

Vaa lile shati jeupe, na usipige kelele huko Bungeni. Nakujua. Nimekufumia glavu, zimo ndani ya kifurushi pamoja na jibini ya kutia kwenye kahawa. Toivo mpe kidogo.

Elsy


Stockholm, 12 Machi 1975

Elsy,

Redio imeshakuambia matokeo, najua. Lakini redio haikuona nilichokiona mimi.

Nilifika kabla mlango wa wageni haujafunguliwa. Askari akaniambia, "Kofia mkononi, bwana. Humu hakuna kupiga makofi, hakuna kuzomea, hakuna kulala." Nikamwambia hayo mawili ya kwanza nitajitahidi. Akacheka, akaniacha nipande.

Kwenye viti vya wageni nilikaa karibu na bibi anayefuma soksi. Anaitwa Bi Signe, mstaafu wa posta. Anakuja kila siku kwa sababu, kasema, humu kuna joto na watu wanagombana kwa adabu. Nilipomwambia nimefuata mto, akatazama ratiba. "Mto wako ni wa mwisho. Kaza moyo, kijana. Kwanza utasikia habari za mbwa."

Na kweli. Kwanza waziri aliulizwa kwa nini chumvi inayomwagwa barabarani inakula magari. Akajibu kwa muda mrefu, na mpaka alipokaa sikujua kama inakula au haili. Halafu ikaja sheria ya leseni za mbwa, halafu ya wanagenzi wa viwanda vya mikate. Ukumbini walikuwemo wachache tu. Mbunge mmoja alihutubia viti vitupu huku akinyoosha kidole. Nikamuuliza bibi, "Huyu anamwambia nani?"

"Anamwambia yule karani anayeandika," akasema, "na mama yake, kule Malmö."

Mara kengele inalia. Hapo wanatokea kila mlango, wengine bado wanatafuna, wanakaa, wanabonyeza vitufe, na ubaoni taa zinawaka, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Spika anagonga nyundo, sheria imekwisha, wanatoka tena. Elsy, jiwe moja linanichukua muda mrefu kuliko sheria ya mbwa ilivyowachukua wao.

Mto ulifika baada ya chakula cha mchana. Waziri alisimama akasema nchi inahitaji umeme. Kijiji chetu alikiita "makazi machache ya kando." Nilishika ukingo wa mbele yangu kwa mikono miwili. Kisha akaitwa Nordvall wa Granselet. Hilding alisimama na ile suti yake ya mazishi. Hakusoma karatasi. Alisema, "Mheshimiwa Spika, nimeendesha magogo kwenye mto huo tangu sijaota ndevu. Pale kwenye maporomoko maji yanapiga kelele mpaka ukiitwa jina lako husikii. Sheria hii ikipita, patakuwa kimya. Nawaomba mfikirie ukimya huo kabla ya kubonyeza." Basi, akakaa. Bi Signe aliacha kufuma. Nami, sitakuficha, nilitokwa na machozi mbele za watu.

Kengele ikalia. Safari hii walikuja wote, na watu wakasimama mpaka kwenye kuta. Nikatazama kiti cha Hilding. Kitupu. Nikadhani kaenda chooni. Nikatazama mlango. Taa zikaanza kuwaka, ya kijani, ya nyekundu, na mahali pake pakabaki giza. Ubao ukaandika ndiyo 174, hapana 174.

Nilisimama nikasema kwa sauti, "Nordvall yuko wapi?" Ukumbi mzima uligeuza vichwa. Askari akanishika bega, "Bwana, tafadhali." Bi Signe akanivuta koti. "Kaa chini. Sasa ni bahati nasibu."

Nilidhani ananitania. Lakini ndivyo wafanyavyo kura zikilingana. Walileta kisanduku. Spika akainua vikaratasi viwili, kimoja ndiyo, kimoja hapana, vikakunjwa vikatumbukizwa. Akaitwa mbunge mmoja mwanamke, akaingiza mkono, akatoa kimoja. Spika akafungua kile alichopewa. "Ndiyo." Nyundo. Halafu akatangaza ratiba ya kesho.

Wametupoteza kama wanavyochezea keki bahati nasibu kwenye bazaa ya kanisa.

Nilishuka ngazi. Kuna mgahawa wao wenye ukuta wa kioo, na ndani nilimwona Hilding amekaa peke yake mbele ya kahawa asiyoinywa. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amefungwa kamba. Alikuwa hatua chache kutoka kwenye kitufe chake. Aliponiona akasimama. Nikamgeuzia mgongo.

Soma barua hii dukani, Elsy. Soma kwa sauti, watu wote wajue nani katuzamisha.

Sixten


Granselet, 17 Machi 1975

Sixten,

Barua yako sikuisoma dukani. Imo mfukoni mwa aproni yangu na itakaa humo.

Hata hivyo hawakuihitaji. Gazeti liliandika kwamba Nordvall hakupiga kura. Ijumaa mtu alimwaga matumbo ya samaki kwenye ngazi za Tyra. Dukani wanamhudumia bila kumtazama. Jana kanisani benchi lake lilikuwa tupu pande zote mbili, nami nikaenda nikakaa naye. Mama mmoja akaniuliza mlangoni, mbele ya Tyra mwenyewe, "Na wewe Elsy, huna haya? Wewe mwenye mtoto pale?" Nikamwambia awahi nyumbani, viazi vyake vinaungua.

Nakuomba usiandike tena habari za Hilding. Si sasa.

Kifua chako vipi? Hukukitaja tena.

Elsy


Stockholm, 24 Machi 1975

Elsy,

Sikuelewi. Unakaa na Tyra, sawa, mwanamke hana kosa. Lakini niache kuandika habari za Hilding? Mbona nasikia kama unamtetea? Subiri usikie na haya.

Jana Jumapili alikuja kambini. Tulikuwa tunakula soseji na viazi, Toivo na mimi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Sixten, nipe dakika moja."

"Mheshimiwa," nikamwambia, "siku ile ulikuwa na dakika nzima, ukanywa kahawa."

Akaingia hivyo hivyo. Akaeleza kwamba wana desturi yao. Mtu wa upande mmoja akiugua, mmoja wa upande wa pili anakaa nje wakati wa kura, ili ugonjwa wa mtu usiamue sheria ya nchi. Wanaiita kufidiana. Haiandikwi popote, ni neno la mtu tu. Yeye alitoa neno lake vuli iliyopita kwa huyo Bi Märta, na tangu hapo hajapiga kura hata moja.

Nikamwambia, "Kwetu handakini mtu akiugua, kazi yake inafanywa na wenzake. Adui yake hakai chini kumsaidia kuugua."

"Si adui," akasema. "Amefariki, Sixten. Alhamisi."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Wiki moja tu, Elsy! Mtu ambaye angekufa wiki iliyofuata! Nilimwambia Hilding, "Umemzamisha mtoto wangu kwa heshima ya maiti." Toivo aliweka uma chini. Hilding akabadilika rangi. Alivaa kofia, akafika mlangoni, akageuka akasema, "Una mke aliye bora kuliko sisi wote wawili." Nimeliona hilo kuwa kejeli, na kama Toivo hangenishika ningemfuata nje.

Sasa niambie, wewe ungesemaje?

Sixten


Granselet, 28 Machi 1975, Ijumaa Kuu

Sixten,

Nimetoka kanisani na sijavua koti. Nikilivua nitashika kazi, na haya sitayaandika.

Unauliza ningesemaje. Nilishasema. Ni mimi niliyemwambia Hilding asiingie.

Jumapili kabla ya kura, Tyra alinikuta zizini nakamua. Hilding alikuwa amempigia simu. Kwa kura hii ya mto alitaka kujitoa katika neno lake, na kwa kuwa si mtu wa kunyatia, aliwaambia upande wa pili waziwazi: Jumatano nitaingia. Wakamjibu, basi nasi tutamleta mama yetu kwa machela, daktari apende asipende. Wenzake Hilding walicheka, wakasema hao wanatishia, hawatathubutu, ingia tu. Lakini yeye alikwenda hospitalini akamwona. Yule mama akamwambia, "Fanya unachoona ni haki, Nordvall, nami nitafanya changu. Watanibeba." Hilding alisema mikono yake ilikuwa imebaki ngozi tu, na kwamba angekuja kweli.

Ndipo akamtuma Tyra: nenda kwa Elsy umuulize. Akisema niingie, nitaingia. Hakumuuliza mchungaji wala mwenyekiti wa chama. Sababu unaijua. Siku ile yeye ndiye aliyeshika machela ya Gunvor upande wa miguu.

Mimi na wewe hatujawahi kuizungumza siku ile tangu Gunvor afe. Theluji ilikuwa imeziba barabara, gari la wagonjwa limesimama njia kuu, mkambeba kwa machela kupitia msituni, wanaume wanne, wewe kichwani. Sikulaumu. Daktari alisema kwa simu aletwe, na ningekuwa wewe ningembeba pia. Lakini mimi nilitembea nyuma yenu, Sixten, na nilimsikia. Kila mguu wa mtu ulipozama, alilia. Akauliza, "Baba, bado mbali?" Ukamjibu, "Karibu." Akauliza tena, ukamjibu, "Karibu." Mpaka akaacha kuuliza. Tangu siku hiyo nafikiria kitu kimoja tu. Angeweza kuwa kitandani mwake karibu na jiko, na mkono wake ndani ya wangu.

Kwa hiyo nikamwambia Tyra, mwambie asiingie. Nyumba ni yetu na kaburi ni letu, lakini mtu mwingine asibebwe hivyo kwa ajili yetu. Tyra alilia. Mimi nikamaliza kukamua.

Ningekuuliza, ungenikatalia. Ndiyo sababu sikukuuliza. Hilding alijua hilo, na matumbo ya samaki ya ngazini kwake yalipaswa kumwagwa kwangu.

Mchungaji alipita juzi. Maji hayaji kabla ya miaka minne, lakini makaburi wanaanza kuhamisha baada ya kiangazi. Nimemwambia Gunvor hahamishwi. Alishabebwa mara moja. Maji yamfunike hapo hapo alipo. Mchungaji anasema neno la mama peke yake halitoshi, anataka na la baba.

Elsy


Granselet, 4 Mei 1975

Sixten,

Barafu ya mto ilipasuka Alhamisi. Ulikuwa mlio mkubwa, ng'ombe waliogopa. Nikakukumbuka, ulikuwa unapenda kutoka nje kusikiliza.

Posta wanasema hakuna barua yako iliyopotea.

Elsy


Stockholm, 8 Juni 1975

Mama Gunvor,

Hakuna iliyopotea. Sikuandika.

Mwanzo ilikuwa hasira. Nilikuwa nashuka handakini na kupiga mwamba kama vile ndio ulionikosea, mpaka msimamizi akaniuliza kama nataka kuimaliza reli yote peke yangu. Kisha hasira ikaisha, na nilichobaki nacho kilikuwa kibaya zaidi. Nilianza kusikia lile swali la mtoto. Wewe umelisikia siku zote ukiwa nyuma. Mimi nililisikia nikiwa juu yake, uso wake ukinitazama, na nilikuwa nimeapa nisilisikie tena. Ndiyo maana nilikubali kazi za mbali. Hilo nadhani ulilijua kabla yangu.

Unajua kwa nini nilimjibu vile? Sikujua ni umbali gani. Theluji ilikuwa imefunika alama zote. Nilisema karibu kwa sababu sikuwa na neno lingine.

Mwezi uliopita nilipata siku ya mapumziko, nikaenda tena Bungeni. Bi Signe alikuwepo, soksi nyingine sasa. Hakunisema kwa zile kelele zangu, alisogeza tu mfuko wake nikae. Walikuwa wanajadili sheria ya vipimo vya ndoo za maziwa. Kengele ikalia, na Hilding akaingia, akakaa kitini pake, akabonyeza. Taa yake ikawaka. Hana tena mtu wa kufidiana naye. Nilitazama taa ile ndogo, na wala sikumbuki kama sheria ya ndoo ilipita.

Nilimsubiri nje. Aliponiona alisimama mbali, akidhani nimekuja kumpiga. Nikamwambia, "Elsy ameniandikia." Akavua kofia. Tulitembea ukingoni mwa maji. Mwishoni nikamuuliza, "Wewe ulikuwa miguuni. Uliona alipokata roho?"

"Niliona," akasema.

"Mbona hukuniambia? Tuliendelea kumbeba mpaka njia kuu."

"Ulikuwa unamjibu, Sixten. Alishanyamaza, na wewe ulikuwa bado unamjibu. Ningekukatizaje?"

Nilikaa kwenye ngazi za mawe. Akakaa kando yangu. Mlinzi alikuja kutufukuza, akamtambua mheshimiwa, akaenda zake.

Sasa sikiliza. Mwambie mchungaji kwamba baba wa Gunvor naye amesema. Asibebwe tena. Abaki pale alipo, na maji yakija, yaje. Mimi na wewe tutaendelea kwenda mpaka siku ya mwisho ambayo mguu utakanyaga pale pakavu, na baada ya hapo tutatafuta mashua.

Na barua ile ya Machi, itoe mfukoni uichome. Ila usidhani nitaliacha jambo hili liishie jikoni mwetu. Hilding anaogopa kurudi kijijini mchana, alikuwa anapanga kushuka kituo cha mbali apite msituni mpaka kwake kama mwizi. Nimemkatalia. Tunarudi pamoja. Tutashuka mbele ya duka, wakati watu wote wananunua siagi na jordgubbar, yale matunda mekundu ya sikukuu, nami nitambebea sanduku lake mpaka mlangoni kwa Tyra. Atakayetaka kuuliza aniulize mimi, nitamjibu hapo hapo mbele ya wote.

Kifua ulichouliza si kizima. Daktari wa kampuni amesema handakini basi. Nimemaliza mkataba, nimeaga, na Toivo amerithi blanketi langu.

Nafika Ijumaa tarehe 20, mkesha wa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kwa basi la mchana. Sitaki kukuandikia "karibu." Nakuandikia Ijumaa.

Sixten